Meli Iliyopwelewa Jangwani

Kabla dunia haijalijua jina lake, Ever Given ilikuwa imekwisha kuonyesha, ndani ya mto mmoja wa Ujerumani, kwamba upepo ukiishika haishikiki. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 9 Februari 2019. Meli ilikuwa imetoka bandari ya Hamburg, inateremka Mto Elbe kwenda Bahari ya Kaskazini, na siku hiyo upepo ulikuwa mkali. Ilipofika Blankenese, kitongoji chenye nyumba zilizopandana kilimani juu ya mto, ikasukumwa nje ya njia yake. Kwenye gati la abiria palikuwa pamefungwa kivuko kidogo kiitwacho Finkenwerder. Ubavu wa meli ukakifikia na kukiponda. Hakuna aliyepoteza maisha, lakini kivuko kiliharibika vibaya, na waliokuwa ufukweni waliona kwa macho yao jambo ambalo miaka miwili baadaye lingeonwa na dunia nzima: meli ya ukubwa ule ikianza kwenda isikotakiwa, hakuna wa kuizuia.

Kwa sisi wa Pwani, ukubwa wenyewe ni rahisi kuupima tukisimama Likoni. Mlango wa Kilindini pale feri zinapovukia una upana wa karibu nusu kilomita. Kila mkaaji wa Mombasa amewahi kusubiri upande mmoja huku meli ya makontena ikiingia bandarini, feri imesimama kuipisha, watu wameshika baiskeli na mikungu ya ndizi wakiitazama ikipita kama mtaa mzima wa maghorofa uliong'oka. Basi meli hizo za kwetu ni ndogo. Ever Given ina urefu wa mita 399.94 na upana wa mita 58.8. Ukiilaza kukata mlango wa Likoni, huku na huku itabaki nafasi ambayo nahodha mwenye akili hawezi kuijaribu. Inaweza kubeba makontena 20,124 ya futi 20. Na uzito wote huo unasukumwa na injini moja na rafadha moja.

Hilo la injini moja ndilo siri ya biashara. Tarehe 26 Aprili 1956, Mmarekani Malcom McLean alipakia makontena 58 kwenye meli kuukuu ya mafuta iliyoitwa Ideal X, ikatoka Newark kwenda Houston. Miezi 3 baadaye, tarehe 26 Julai mwaka huohuo, Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri alitangaza kuutaifisha Mfereji wa Suez. Hakuna aliyeyaona matukio hayo mawili kuwa ndugu, ila yalikuwa yakielekea kukutana. Kontena lilifanya mizigo ipakiwe na kushushwa haraka, na haraka ikafanya meli kubwa zilipe kuliko ndogo. Mabaharia 25 wanaoweza kuendesha meli ya makontena 5,000 wanaweza pia kuendesha ya 20,000, na gharama ya kusafirisha kontena moja ikapungua kila meli ilipokua. Wenye meli wakaagiza kubwa, kisha kubwa zaidi. Mfereji nao ukapanuliwa mara kwa mara ili usiachwe nyuma, lakini jangwa halichimbwi kwa kasi ya kuchomelea chuma. Mwaka 2015 Misri ilifungua njia ya pili kando ya sehemu ya mfereji, ili meli zipishane. Sehemu ya kusini, kuelekea mji wa Suez, ikabaki njia moja. Mwaka huohuo Ever Given ilianza kujengwa.

Ilijengwa Japani na kampuni ya Imabari, ikateremshwa majini mwaka 2018. Mwenye meli ni Shoei Kisen Kaisha, kampuni ya Kijapani iliyo chini ya Imabari hiyohiyo. Aliyeikodi na kuitia kwenye njia zake za biashara ni Evergreen ya Taiwan, ndiyo maana ubavuni imeandikwa EVERGREEN kwa herufi kubwa kupita nyumba, hadi watu wengi wakadhani hilo ndilo jina lake. Bendera yake ni ya Panama. Waliopewa kazi ya kuisimamia, kuiajiria mabaharia na kuitunza, ni Bernhard Schulte, kampuni ya Ujerumani. Mabaharia wake, wote 25, walikuwa Wahindi. Nayataja haya mapema kwa sababu siku ilipokwama swali la kwanza la kila mtu lilikuwa meli ni ya nani, na kila aliyejibu alikuwa na haki ya kumtaja mwingine.

Mwezi Machi 2021 ilitoka Tanjung Pelepas, Malaysia, ikielekea Rotterdam na makontena yapatayo 18,300. Tarehe 23, Jumanne asubuhi, iliingia mferejini kutoka upande wa Suez, ya 5 katika msafara wa meli 20 zinazokwenda kaskazini. Kama ilivyo sheria ya mfereji, walipanda marubani wa Kimisri. Wasomaji wa leo wakisikia rubani hufikiria ndege, lakini Pwani neno hilo lilikuwa la baharini kwanza: rubani ndiye mjuzi wa mlango, anayeijua miamba na mikondo ya mahali, anayepanda chombo cha mgeni kukiingiza salama. Yeye huelekeza. Dhamana, kwa sheria za bahari, hubaki kwa nahodha.

Asubuhi hiyo upepo ulivuma kutoka jangwani na vumbi lake, mawimbi yake ya ghafla yakifikia noti 40, zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Meli isiyo na tanga hata moja ilikuwa na tanga kubwa kuliko jahazi lolote lililowahi kuvuka Bahari ya Hindi: ukuta wa makontena uliopangwa ghorofa juu ya ghorofa kwa urefu wa karibu mita 400. Nahodha wa jahazi upepo ukimzidi huteremsha tanga. Wa Ever Given hakuwa na la kuteremsha. Alichokuwa nacho ni mwendo. Meli ikienda polepole usukani hauna nguvu, ikienda kasi usukani unashika. Hivyo katika upepo wa ubavuni kishawishi ni kuongeza kasi. Dakika chache kabla ya kukwama, mwendo uliorekodiwa ulizidi noti 13, karibu kilomita 24 kwa saa, mahali ambapo kikomo hakifiki noti 9.

Hapo ndipo maji yenyewe yanapogeuka adui. Mfereji si bahari. Ni bakuli refu. Meli pana ikikimbia ndani yake, maji yaliyobanwa kati ya ubavu na ukingo hulazimika kupita kwa kasi, na maji yanayokimbia hupoteza msukumo, kwa hiyo meli huvutwa kuelekea ukingo ule ulio karibu nayo. Aliyewahi kusimama kandokando ya barabara kuu lori likampita anaujua mvuto huo. Tezi, yaani nyuma ya meli, huvutwa upande mmoja; omo, yaani mbele yake, husukumwa upande wa pili. Na kadiri meli inavyokimbia ndivyo inavyozama zaidi, mkuku ukikaribia mchanga. Basi dawa ya upepo ikawa chanzo cha maradhi mengine. Meli iliyumba kushoto, ikarudishwa, ikayumba kulia, na saa 1:40 hivi asubuhi, kwenye kilomita 151 ya mfereji, karibu na kijiji cha Manshiyet Rugola, omo lake likaingia kwenye ukingo wa mashariki. Tezi likazunguka hadi karibu na ukingo wa magharibi. Mfereji mahali pale hauzidi mita 300 kwa upana. Meli ya mita 400 ilikuwa imelala kiupandeupande, imeziba njia kama komeo lililopita mlango.

Nyuma yake ilikuwa Maersk Denver, ikafaulu kusimama. Mtu mmoja aliyekuwa ndani yake akapiga picha: mbele kabisa, mahali palipopaswa kuwa na maji na upeo wa macho, pana ukuta wa kijani na rangi rangi za makontena juu yake. Akaiweka mtandaoni, na dunia ikajua.

Wanakijiji wa Manshiyet Rugola waliamka wakakuta jengo kubwa kuliko yote waliyowahi kuyaona limesimama mwisho wa mashamba yao, na usiku taa zake zikiwaka. Picha iliyobaki vichwani mwa watu, hata hivyo, ni ile ya katapila moja la kuchimbia, lile ambalo wajenzi wetu wa barabara huliita kijiko, likiwa limesogea hadi chini ya omo. Omo lenye kichwa mviringo, ambalo kwa kawaida huwa chini ya maji, lilikuwa limejikita kwenye mawe na mchanga wa ukingo, na chini yake mashine ile ya njano ilionekana ndogo kama siafu. Duniani kote watu walicheka. Mimi sikuweza kuicheka picha ile. Ndani ya mashine alikuwamo mtu, kijana wa Kimisri, aliyeambiwa achimbe chini ya chuma cha tani laki mbili kisichotulia, ambacho kingeweza kumwangukia. Baadaye alisimulia jinsi alivyokuwa akilala saa 3 tu na kurudi kazini. Hakuwa na mtambo mwingine wa kumsaidia siku za kwanza. Alichimba kwa ndoo moja moja, na alichokitoa kilihesabika: mawe yale yalikuwa yamelishika omo kweli.

Wakati yeye anachimba, uvumi ulikuwa ukichimba kwingine. Ilienea habari ya uongo kuwa aliyesababisha ajali ni Marwa Elselehdar, nahodha wa kwanza mwanamke wa Misri. Ilitengenezwa hata picha ya kichwa cha gazeti ambacho gazeti husika halikukiandika. Ukweli ni kuwa siku ile alikuwa Alexandria, mamia ya kilomita kutoka kilomita 151, akifanya kazi kwenye meli nyingine kabisa, Aida IV. Mwanamke aliyejitafutia nafasi kwenye kazi ya wanaume kwa miaka mingi alilazimika kujitetea kwa kosa la chombo ambacho hakuwahi kukanyaga deki yake. Inaniuma kila nikikumbuka, kwa sababu wapo mpaka leo wanaoamini.

Meli ziliendelea kufika, kaskazini na kusini, zikatia nanga kungoja. Mfereji ule, wenye urefu wa kilomita 193, wakati huo ulipitisha karibu asilimia 12 ya biashara ya dunia. Mwaka uliotangulia zilipita meli karibu 19,000, yaani zaidi ya 50 kwa siku. Jarida la Lloyd's List lilikadiria kuwa bidhaa za dola bilioni 9.6 zilikuwa zikizuiwa kila siku. Magazeti mengi yaliandika kana kwamba fedha hizo zilipotea. Hazikupotea, zilichelewa, na kuchelewa huumiza tofauti kwa kila mtu. Baadhi ya meli zilibeba mifugo hai, na kondoo hawezi kuambiwa avumilie. Syria, iliyokuwa ikisubiri meli za mafuta, ilitangaza kupunguza mgao. Chai inayonunuliwa kwenye mnada wa Mombasa kwenda Uingereza, na marobota ya mitumba kutoka Ulaya yanayoishia Gikomba na Kariakoo, njia yake ilikuwa hiyohiyo. Baadhi ya manahodha hawakungoja: waligeuza omo, wakaamua kuizunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema, njia ya Vasco da Gama.

Kuikwamua ilikuwa kazi ya watu wanaoijua. Mamlaka ya Mfereji wa Suez, chini ya Osama Rabie, ilileta meli yake ya kunyonya mchanga, Mashhour, na tagi zake, vyombo vya kuvutia meli. Kampuni ya Uholanzi ya SMIT iliitwa. Hao ndio hurithishana ujuzi wa kuokoa vyombo kama sisi tunavyorithishana ujenzi wa majahazi. Farumi, ambayo kwenye majahazi ni mawe na mchanga na kwenye meli hizi ni maji yaliyojazwa kwenye matangi, ilipunguzwa kwa tani 9,000. Mchanga ulionyonywa ulikaribia mita za ujazo 30,000. Mpango wa mwisho, iwapo yote yangeshindikana, ulikuwa kuleta kreni na kushusha makontena moja moja, kazi ambayo ingekula wiki nyingi kwa sababu hakuna kreni iliyojengwa kwa ajili ya kufikia urefu ule katikati ya jangwa.

Kilichowaepusha na hilo ni mwezi. Jumapili tarehe 28 Machi ulikuwa mwezi mpevu. Mvuvi yeyote kutoka Lamu hadi Mtwara angewaambia bila kufungua kitabu: mwezi ukijaa ni bamvua, maji yatapanda kuliko siku zote, na chombo kilichopwelewa maji mafu hungojewa bamvua. Maarifa hayo ya kale ndiyo yaliyoongoza ratiba ya wahandisi wenye kompyuta. Tagi mbili kubwa za bahari kuu, ALP Guard ya Uholanzi na Carlo Magno ya Italia, ziliwasili wakati mwafaka. Alfajiri ya Jumatatu, saa 10 na nusu hivi, maji yakiwa juu, tezi likaachia. Lilikuwa mita 4 kutoka ukingoni. Sasa likawa mita 102. Tagi zikapiga honi gizani.

Omo lilikuwa bado limeshikwa. Peter Berdowski, aliyekuwa mkuu wa kampuni mama ya SMIT, alikuwa ameonya asubuhi ileile kuwa sehemu nyepesi imekwisha, nzito imebaki. Wakangoja maji yageuke, ili mkondo uwasaidie badala ya kuwapinga. Wakavuta. Saa 9:05 alasiri, Ever Given ikaelea. Ukiitazama video iliyopigwa na wafanyakazi wa tagi, utasikia honi zote zikilia kwa pamoja na wanaume wakipiga kelele za kumshukuru Mungu, mmoja akimkumbatia mwenzake huku kamba ingali imekaza nyuma yao. Siku 6 zilikuwa zimepita. Meli 422 zilikuwa zinangoja, na foleni ile haikumalizika mpaka tarehe 3 Aprili. Mamlaka ilisema baadaye kuwa mtu mmoja katika waliokuwa kwenye uokoaji alikufa. Kifo chake kilitajwa kwa sentensi moja katika habari za madai ya fedha.

Watu wengi wanadhani hadithi inaishia hapo. Kwa mabaharia 25 ndipo ilipoanzia.

Meli haikwenda Rotterdam. Ilivutwa hadi Ziwa Kuu la Machungu, pale mfereji unapotanuka, ikatia nanga. Tarehe 13 Aprili ikatangazwa kuwa mahakama ya Ismailia imeamuru izuiliwe hadi wenyewe walipe. Mamlaka ilidai dola milioni 916, ndani yake milioni 300 za ujira wa uokoaji na milioni 300 nyingine za kuchafuliwa jina. Baadaye dai likashuka hadi milioni 550. Mawakili wa wenye meli walijibu kuwa meli isingepaswa kuruhusiwa kuingia katika hali ya hewa kama ile, na kwamba vinasa sauti vya kwenye chumba cha usukani viliwanasa marubani wakibishana. Mamlaka ikakataa: rubani ni mshauri, nahodha ndiye mwenye chombo. Wenye meli nao walikuwa wamekwisha kutumia sheria ya kale ya hasara ya pamoja, inayosema kwamba gharama za kuokoa chombo zigawanywe kwa kila mwenye mzigo ndani yake. Sheria hiyo inaeleweka pale wafanyabiashara 10 wamo ndani ya jahazi moja na mzigo wa mmoja ukatupwa baharini ili wote wapone. Kwa makontena 18,300 maana yake ni kuwa mtu aliyeagiza kontena moja la bidhaa za duka lake, ambaye hakuwahi kuiona meli wala kumchagua nahodha, alitakiwa aweke dhamana ndipo apewe mali yake. Kampuni kubwa zilikuwa na bima. Wadogo wengi hawakuwa nayo.

Ziwa lile lilikuwa limewahi kuona mateka wengine. Vita kati ya Israeli na Misri vilipozuka tarehe 5 Juni 1967, meli 14 zilikuwa njiani kwenda kaskazini, zikaamriwa kutia nanga humo. Misri ikauziba mfereji kwa vyombo vilivyozamishwa, Israeli ikashika ukingo wa mashariki, na meli zile zikabaki katikati ya majeshi mawili kwa miaka 8. Zilikuwa za Uingereza, Ujerumani Magharibi, Sweden, Poland, Ufaransa, Marekani, Bulgaria na Czechoslovakia, nchi ambazo nyingine zilikuwa zikitishiana mabomu wakati huo. Mchanga wa jangwani uliyapaka madeki rangi hadi zikaitwa Kundi la Manjano. Mabaharia wake walianzisha chama chao, wakacheza mpira kwenye deki ya Port Invercargill, wakasali kwenye Nordwind ya Kijerumani, wakatazama sinema kwenye Vasil Levsky ya Kibulgaria, wakachora stempu zao kwa mkono, na mwaka 1968, Mexico ilipoandaa Olimpiki, nao wakaandaa yao ziwani. Mabaharia walibadilishwa zamu kwa zamu, meli zikabaki. Miaka yote hiyo kilichotoka Mombasa na Dar es Salaam kwenda Ulaya kililazimika kuzunguka kusini mwa bara. Mei 1975, mbili tu kati ya zile 14, Münsterland na Nordwind, zilifika kwao kwa injini zao wenyewe, zikapokewa na maelfu ya watu. Bandari yao ilikuwa Hamburg. Ili kuifikia walipanda Elbe, wakapita mbele ya Blankenese.

Wahindi wa Ever Given hawakuwa na majirani wa kuanzisha nao Olimpiki. Walikuwa na chakula, mishahara na simu; tuseme kweli, hawakuteswa. Wachache walipewa ruhusa kwenda makwao. Lakini waliobaki walijua kilichokuwa kikimtokea baharia mwingine, si mbali na hapo, karibu na bandari ya Adabiya. Meli ndogo MV Aman ilikuwa imezuiliwa tangu Julai 2017 kwa vyeti vilivyokwisha muda. Wenyewe hawakulipa madeni, na mahakama ikamtaja afisa mkuu wake, Msyria, kuwa mlinzi wa kisheria wa meli. Ilikuwa karatasi iliyogongwa mhuri. Maana yake hakutakiwa kuondoka. Wenzake waliondoka mmoja mmoja hadi akabaki peke yake. Umeme ukakatika. Usiku meli ilikuwa giza tupu. Mama yake akafa Syria, hakuweza kumzika. Dhoruba ilipoing'oa nanga na kuisogeza meli karibu na ufuko, aliiona kama rehema, kwa sababu sasa aliweza kuogelea hadi nchi kavu kila baada ya siku kadhaa, akanunua chakula, akachaji simu, akaogelea kurudi. Ndugu yake, naye baharia, alipita mferejini na meli yake. Wakazungumza kwa simu, lakini walikuwa mbali mno hata kupungiana mikono. Aliachiwa Aprili 2021, baada ya karibu miaka 4, wakati Ever Given imezuiliwa ziwani. Nimeisoma habari ya mtu huyu mara nyingi, na kila mara husimama palepale, kwenye mhuri. Alikuwa mwajiriwa tu wa meli ile.

Makubaliano yalifikiwa mwishoni, kiasi chake kikafichwa. Tarehe 7 Julai 2021 nanga ikang'olewa, ikiwa siku ya 106 tangu meli ikwame. Rotterdam ilifika tarehe 29 Julai na makontena yaliyotarajiwa Machi. Kutoka hapo ikaenda Felixstowe, Uingereza, na baadaye, ilipofika Qingdao, China, ikapandishwa chelezoni, sehemu ya chini ya omo iliyokuwa imekunjamana ikakatwa na kuwekwa chuma kipya.

Misri nayo iliutengeneza mfereji. Kati ya kilomita 132 na 162 ukapanuliwa kwa mita 40 upande wa mashariki na kuongezwa kina, na kilomita 10 nyingine zikafanywa njia mbili. Kazi ilichukua miaka. Kabla haijakamilika, mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya wapiganaji wa Kihouthi katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni kubwa, Evergreen ikiwamo, kusitisha kupita huko, na meli zikarudi tena kuizunguka Rasi. Meli zenyewe hazijapungua ukubwa. Machi 2022, mwaka mmoja tu baada ya Suez, meli nyingine ya Evergreen, Ever Forward, ilipanda fungu la tope katika ghuba ya Chesapeake, Marekani, ikakaa siku 35 hadi baadhi ya makontena yakashushwa.

Mara ya kwanza Ever Given kurudi kwenye mfereji ilikuwa Ijumaa, tarehe 20 Agosti 2021, ikitoka Uingereza kwenda Asia. Mamlaka iliitengea marubani wakuu na tagi mbili za kuisindikiza. Iliingia kwa upande wa Port Said, ikavuka Ziwa Kuu la Machungu mahali ilipokuwa imetia nanga majuma 6 tu kabla ya hapo, ikaingia ile sehemu ya njia moja. Kwenye kilomita 151, mashamba ya Manshiyet Rugola yakiwa kuliani mwake, ilipita katikati ya maji, taratibu, bila kugusa ukingo.